Mimba ya Nje

Kufuli alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa, anausugua kwa tupa, simu ilipoita.

Hakuzaliwa na jina hilo. Mtaa ndio uliompa, kwa kazi yake ya kutengeneza vitasa na kuchonga funguo, na pia, wenye midomo walisema, kwa jinsi alivyomfunga mkewe. Hapo walimwonea kidogo. Mkewe alikwenda kazini kama watu wengine, kwenye kiwanda cha mikate, na jioni alirudi akinukia hamira. Ila ni kweli kwamba Kufuli alipenda kujua kapita njia gani, nani kamsalimia, na kwa nini kamsalimia huku anacheka. Ukichonga funguo miaka mingi utaona mengi. Mwanamume huja na ufunguo wa kabati la mkewe, anataka nakala, anaomba asitajwe. Kesho yake mwanamke huyo huyo anakuja kutaka kitasa kibadilishwe chote. Kufuli aliwahudumia wote wawili, akafunga mdomo wake, kisha akaenda nyumbani na shaka za watu wengine.

Shaka yake mwenyewe ilikuwa na sura. Ilikuwa sura ya Meno, dereva wa gari la mikate, mtu aliyekuwa akicheka hata akipewa pole. Gari lake lilipita mtaani kila asubuhi, na mke wa Kufuli alipanda mbele.

"Ni lifti tu, Fundi," mkewe alimwambia. Yeye hakumwita Kufuli hata siku moja. "Au unataka nitembee, nifike nimechoka kabla ya kazi kuanza?"

Kufuli akasema hapana, apande tu. Lakini wivu alikuwa nao, tena ule wa kumkaba mtu kooni. Aliacha chai ipoe akichungulia dirishani aone mlango wa gari umefunguliwa na nani, yule wa ndani au huyu wa nje.

Na sasa mkewe alikuwa na mimba. Waliingoja muda mrefu mpaka watu wakachoka kuwauliza. Kipimo cha mkojo kilipotoa mistari miwili, mke alilia, mume akacheka, na kabla kicheko hakijaisha kitu kikamwuma moyoni: mbona sasa? Miaka yote hiyo hakuna, mbona sasa? Alijitukana kwa kuwaza hivyo. Kuwaza hakukukoma. Kisha maumivu yakaanza, chini ya tumbo, upande mmoja, na matone ya damu. Asubuhi hiyo mkewe alishindwa kunyooka kitandani. Kufuli alikuwa na mteja aliyejifungia funguo ndani ya duka, anapiga simu kila mara, basi akamwomba dada yake mkubwa, anayeishi nyumba ya pili, amsindikize wifi yake kliniki.

Dada huyo ndiye aliyekuwa akipiga simu sasa.

"Mdogo wangu, umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, dada. Vipi, mgonjwa?"

"Basi kaa."

Kufuli hakukaa.

"Wamempiga ultrasaundi. Mimba ipo, hilo hawakatai." Dada akavuta pumzi. "Lakini ni ya nje."

"Unasemaje?"

"Ya nje, mdogo wangu. Mwenyewe kaniambia, wala hajaona haya. Na huyo dada wa kipimo nimemsikia kwa masikio yangu haya. Tena wanataka itolewe leo leo, hospitali kubwa."

Tupa ilimponyoka Kufuli ikaangukia kidole cha mguu, na hakuhisi kitu.

"Nani anataka itolewe?"

"Wote wawili. Wameshaelewana."

"Asiguswe," Kufuli akasema. Sauti yake haikuwa yake. "Umesikia, dada? Asiguswe na mtu. Mlete nyumbani, aje aniambie uso kwa uso."

"Ndivyo hata mimi nilivyofikiri," dada akajibu, na katika sauti yake mlikuwa na jambo linalofanana na kushiba. Ndiye aliyemlea Kufuli wazazi walipofariki. Hakuwahi kuona mwanamke anayemfaa.

Lugha yetu ni tamu, ila ina mitego yake. Mtoto wa nje, kila mtu anajua ni mtoto wa namna gani. Kumbe kliniki nako wana nje yao.

*

Mambo yalikuwa hivi. Mpimaji, mwanamke mnene wa sauti ya chini, alimpaka mke wa Kufuli jeli tumboni, akatazama, hakuridhika. Akamweleza kwamba mimba ikiwa changa hivyo huonekana vizuri zaidi kwa kifaa kinachoingizwa ndani, akamwomba ruhusa, akamfunika shuka magotini kwa heshima. Akatazama tena, kwa muda. Kisha akaigeuza skrini.

"Mama, hapa ndipo mtoto anapopaswa kukaa. Ni patupu." Kidole chake kikasogea pembeni. "Na hapa, kwenye mrija, unaona kitu kama kipete? Ndipo ilipotunga. Mimba ni ya nje ya mfuko wa uzazi. Na huku chini kuna majimaji yasiyopaswa kuwepo. Naogopa ni damu."

"Hamwezi kuisogeza irudi ndani?"

"Ingewezekana ningekuwa wa kwanza kufurahi. Haiwezekani. Huo mrija ni mwembamba, hautanuki. Ukipasuka utavuja damu ndani kwa ndani, na kwa nje hutaona kitu. Mimba hii haiwezi kuokolewa, mama. Wewe ndiye wa kuokolewa. Nenda hospitali sasa hivi. Usipite nyumbani, usipite popote."

Gari la wagonjwa la kliniki lilikuwa limeshampeleka mtu mwingine. Mpimaji akampigia mwenyewe daktari wa hospitali, akaomba namba ya simu ya mume, akamsindikiza mgonjwa mpaka mlangoni akimkumbusha: nje ya mfuko wa uzazi, waambie hivyo ukifika.

Mke akatoka na macho mekundu. Wifi yake alikuwa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka mlangoni, ameshasikia nusu ya neno.

"Wifi, mimba ni ya nje," mke akamwambia. "Inabidi itolewe leo. Mpigie Fundi aje."

Hakusema zaidi. Alikuwa ametoka kuelezwa kila kitu, kwa picha na kwa kidole, na hakufikiri kwamba neno lile laweza kusikika vingine. Wifi akatoka uani kupiga simu. Aliporudi alikuwa ameukunja uso.

"Mumeo kasema tupitie nyumbani kwanza."

"Dada wa kipimo amenikataza."

"Sasa wewe umeolewa na dada wa kipimo?"

Maumivu yalikuwa yametulia kidogo, jambo ambalo mke alilichukua kuwa nafuu. Akafikiri mumewe anataka waende pamoja, labda amchukulie na kanga ya kubadilisha. Ukweli ni kwamba alimtaka awe karibu yake. Akaingia kwenye teksi.

*

Kufuli alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Njia nzima kutoka kazini alipanga jinsi mkewe atakavyokana, na jinsi yeye atakavyomnasa kwa swali moja baada ya jingine.

Mke aliingia akishika ukuta. Dada akabaki mlangoni, mikono kifuani.

"Fundi, hujajiandaa? Twende."

"Kaa."

"Sikai. Tumbo linaniuma, tutakaa huko huko."

"Nimesema kaa. Ni kweli?"

"Nini?"

"Mimba. Kwamba ni ya nje."

Machozi yakamlenga mke. "Ni kweli. Nimeiona mwenyewe kwenye skrini."

Kufuli akabaki mdomo wazi. Hakujua kwamba dunia imeendelea kiasi hicho, kwamba siku hizi mashine inaona hata baba.

"Unaniambia hivyo hivyo, kavukavu?"

"Ulitaka nikuambieje? Unadhani sikulia? Nimelia njia nzima, muulize wifi."

"Ilianza lini?"

"Dada wa kipimo kasema tangu mwanzo. Ilitunga huko huko, haikuwahi kuingia mahali pake."

"Huko huko!" Kufuli akasimama, akakaa tena. "Na sababu?"

"Wanasema hutokea. Si kosa la mtu."

Kufuli akacheka kicheko kibaya. "Hutokea! Mtu anajipitia zake njiani, mara imetokea!"

Mke alimtazama. Alidhani ni uchungu unaomsemesha, maana wanaume wengine uchungu huwatoka kwa mlango wa hasira. Akamsogelea.

"Hata mimi nilimtaka mtoto huyu, Fundi."

"Ulimtaka, sasa mbona una haraka ya kumtoa? Mwenyewe hata ameambiwa?"

"Mwenyewe nani?"

"Meno."

Jina lile lilianguka katikati ya chumba. Mke akalitazama kwanza kama lisilomhusu. Meno kafanyaje? Meno anaingiaje hapa? Halafu akamtazama wifi yake pale mlangoni, akamtazama mumewe, na kidogo kidogo akaelewa anachoulizwa. Hakuelewa walifikaje huko. Alielewa tu kwamba, huku anavuja damu, mumewe anamsomea mashtaka.

"Wewe," akasema taratibu. "Wewe unaniuliza mimi…"

Hakumaliza. Akashika bega la kulia.

"Mbona bega linaniuma?" Akaliuliza lile bega lenyewe. Kisha magoti yakamlegea, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Usinifanyie maigizo," Kufuli akasema.

"Ndivyo walivyo," dada akadakia. "Wakibanwa wanaanguka."

Simu ya Kufuli ikaita. Namba ngeni. Aliipokea apate mtu wa kumfokea.

"Naongea na mume wa mgonjwa aliyetoka kwetu asubuhi? Mimi ndiye mpimaji wa ultrasaundi. Nimepiga hospitali wanasema hajafika. Mko wapi?"

"Hafiki! Kama mnatoa mimba za wanaume wengine, si kwa ruhusa yangu."

"Mwanamume mwingine katoka wapi, baba?"

"Si nyinyi mliosema ni ya nje?"

"Nje ya mfuko wa uzazi!" Ile sauti ya chini ilipanda mpaka dada pale mlangoni akaisikia. "Nje ya kizazi, baba! Imetunga kwenye mrija, ndani ya tumbo la mkeo huyo huyo! Anavuja damu! Yuko wapi? Anasikia kizunguzungu? Bega linamuuma?"

Kufuli aligeuka. Mkewe alikuwa amefumba macho, na kijasho chembamba kilimtanda usoni. Midomo imepauka.

"Yuko sakafuni," akasema.

"Mnyanyue! Usimpe chakula wala maji. Mlete hospitali, mbio!"

*

Teksi ilikuwa imekwenda zake. Kufuli alitoka nje, akatazama juu na chini ya mtaa, hakuna gari. Ndipo akaisikia ile injini. Aliijua kuliko mtu mwingine yeyote pale mtaani, maana aliisikiliza kila asubuhi na roho juu. Gari la mikate lilikuwa linarudi kutoka madukani. Mume akalikimbilia akiwa peku.

"Meno! Ndugu yangu! Simama!"

Ndugu yangu. Neno hilo hakuwahi kumpa hata kwa bahati mbaya. Meno hakuuliza maswali mengi. Alishusha makreti matupu akayatupa barabarani, akaingia ndani ya nyumba ya mtu aliyekuwa hajibu salamu yake, akamshika mgonjwa mabegani, Kufuli akashika miguu. Wakamlaza nyuma, pale panapokaa mikate. Dada akapanda, akaketi kwenye kona.

"Asante, Meno," mke akanong'ona.

Na hapo hapo, mkewe akiwa baridi mikononi mwake, Kufuli akahisi wivu. Kwa nini amshukuru huyu? Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Wivu hauna adabu, hata kwenye msiba unaingia na kutaka kiti.

Hospitali walikuwa wanawasubiri. Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka. Alivuta mashine ndogo ya magurudumu, akaweka kifaa juu ya tumbo, akatazama kwa muda wa kupepesa jicho.

"Damu," akawaambia wenzake. "Imejaa. Chumba kiwe tayari." Kisha akageuka. "Mume ni yupi?" Akamtazama Meno, ambaye shati lake lilikuwa limelowa jasho la mgonjwa.

"Ni mimi," Kufuli akasema kutoka nyuma.

"Mlikuwa wapi, mzee? Kliniki walitupigia zamani. Kutoka kule ni karibu tu."

Dada yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

"Tulipitia nyumbani."

"Kufanya nini?"

Wote wakatazama sakafu. Meno naye akawatazama wao, asielewe, na Kufuli aliomba moyoni asielewe kamwe.

Muuguzi akaleta fomu ya ridhaa ya upasuaji. Kufuli akanyoosha mkono. Muuguzi akampita.

"Mwenye tumbo ndiye anayesaini, baba," akasema, akamwekea mgonjwa kalamu vidoleni. Mke akaandika jina lake polepole, herufi zikipanda na kushuka, bila kumtazama mtu. Wakamsukuma, milango ikafungwa.

*

Walihitaji watu wa kutoa damu. Kufuli na Meno walikwenda wote, wakakaa viti viwili vilivyopakana, kila mmoja na mpira mkononi. Kufuli aliukodolea macho mfuko wa mwenzake, uliokuwa unajaa upesi kuliko wake, na akajishtukia akiona uchungu hata kwa hilo.

"Atapona," Meno akasema. "Mkeo ni mgumu. Nyinyi wawili mnapendana, bwana. Njia nzima mimi naambiwa habari zako. Fundi kasema hivi, Fundi kafungua sefu iliyowashinda watu. Mpaka wakati mwingine naongeza sauti ya redio."

Kufuli akaacha kuutazama mfuko. "Nikuulize kitu. Kwa nini unacheka kila saa?"

"Nani, mimi?"

"Hata sasa unacheka."

"Sicheki, kaka," Meno akasema kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea kueleza. "Meno yangu ni makubwa, mdomo haufungiki. Nimezaliwa hivyo. Msibani huwa natukanwa na watu nisiowajua."

Kufuli akamtazama kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. Ni kweli. Mdomo ulikuwa wazi, lakini macho yalikuwa na hofu kama yake.

Dada alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini. Kufuli akaketi mbali naye kidogo.

"Nilisikia nje," dada akasema. "Sasa mtu utajuaje? Kuna nje ngapi?"

"Usiniambie mimi. Utamwambia yeye."

Dada akafungua mkoba, akautazama ndani, akaufunga.

Jioni daktari akatoka akivua kofia. Walimwahi, alisema, ila kwa shida. Mrija ulikuwa umepasuka, wameuondoa, na damu aliyopoteza ilikuwa nyingi. Mrija wa pili ni mzima, na wakitaka mtoto bado inawezekana. Lakini mimba nyingine ikiingia tu, waje mapema wapigwe ultrasaundi ili ijulikane imekaa wapi. "Mapema," akarudia. "Na mkiambiwa nendeni hospitali, mwende." Kufuli akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Angekubali kutukanwa zaidi, lakini daktari alikuwa ameshaitwa kwingine.

*

Asubuhi wakamruhusu Kufuli aingie wodini. Mkewe alikuwa ameegemezwa mito, dripu mkononi, ngozi imeanza kurudia rangi yake. Dada alikuwa ametangulia, kwa maana hakulala, na alichomwambia wifi yake hakijulikani ila kwamba alitoka akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kwa hiyo mke alijua yote. Kufuli aliliona hilo kabla hajafika kitandani.

Akasimama. Hakukuwa na kiti, na ukingo wa kitanda hakuthubutu.

"Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Daktari anasema wa pili ni mzima."

"Ameniambia."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajigeuza upande wa pili, kuwapa nafasi au kusikiliza vizuri. Kufuli akashusha sauti.

"Nilisikia vibaya, mke wangu. Lile neno."

Mke alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Kufuli zaidi, kwa sababu hasira angejua pa kuishikia.

"Hapana," akasema. "Ulisikia vizuri. Neno lilikuwa hilo hilo. Ila mtu akiambiwa nje, anaweza kuuliza nje ya nini. Wewe uliuliza ya nani."

Kufuli angeweza kumweleza juu ya meno ya Meno, au miaka ya kungoja, au wanaume wanaokuja kuchonga funguo za kabati za wake zao. Yote yalimfika kwenye ulimi yakaonekana ni takataka.

"Mtoto alikuwa wako," mke akasema. "Nilitaka tumlilie pamoja. Nilipanda teksi nikirudi nyumbani kwa sababu hiyo tu."

Ndipo Kufuli alipolia. Alilia kwa sauti, pale pale wodini, mbele ya wagonjwa na wageni wao, na muuguzi akamwangalia kwa jicho la kumtaka atoke au anyamaze.

"Nisamehe," akasema alipopata pumzi. "Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusikia," mke akajibu.

Akafumba macho. Kufuli alibaki amesimama, mikono imeshika chuma cha kitanda, akingoja aongeze neno. Hakuongeza.